Presha ya Odell Haikutajwa Jina

Odell Tubbs alikuwa dereva wa lori la pamba huko Mississippi. Asubuhi alikula nyama ya nguruwe ya chumvi na uji mzito wa mahindi. Mkewe, Verlene, alimpikia kwa mapenzi. Masikini, hakujua chumvi ile inamdhuru.

Madereva hupimwa afya kila baada ya muda. Mwenye presha hupewa cheti cha kuendesha cha muda mfupi tu. Kwa hiyo Odell aliogopa kuambiwa ana presha kuliko alivyowaogopa polisi wa barabarani.

Kila alipokwenda zahanati, kipimo kilikuwa juu. Kila mara Verlene alimtetea.

"Daktari, huyu kanywa kahawa birika zima!"

"Na mara ile nyingine je?"

"Aligombana na kaka yake. Si unajua, timu yao ilifungwa!"

Odell alicheka. "Presha yangu ni huyu mwanamke, daktari. Andika jina lake."

Daktari naye alicheka. Akaandika: "Leo kipimo kimepanda." Ikaishia hapo. Laiti hata mmoja wao asingecheka!

Siku moja Odell akiwa barabarani, mkono wa kulia ulilegea. Mdomo ukaenda upande. Alipatwa na kiharusi.

Aliporudi nyumbani kutoka hospitali, jirani yao Renita alileta supu isiyo na chumvi. Renita alifanya kazi katika ofisi ya zahanati.

Verlene alimuuliza kwa uchungu, "Dada Renita, mbona hamkutuita? Wenzetu kanisani mnawapigia simu waje kupimwa."

Renita akainamisha kichwa. "Kila ugonjwa una alama yake kwenye rekodi za zahanati, dada. Mimi husoma alichoandika daktari, ndipo naweka alama. Akiandika 'leo kimepanda', naweka alama ya kipimo cha siku hiyo tu. Siruhusiwi kukisia ugonjwa. Na simu huwaendea wenye alama ya ugonjwa wa presha."

"Kwa hiyo kwenu Odell alikuwa mzima?"

"Ndivyo ilivyosomeka. Lakini niliona kipimo chake kinapanda kila mara. Ningeweza kumuuliza daktari. Sikumuuliza. Naumia sana, dada."

"Na mimi nilimfanyia daktari mzaha," Verlene alisema, akalia.

Walikwenda zahanati pamoja. Safari hii Verlene hakutania. Daktari aliomba radhi. Akaandika wazi kwamba Odell ana presha ya kudumu, na amepata kiharusi, akaorodhesha na dawa anazotumia. Renita akaweka alama zinazostahili. Figo pia zilipimwa, maana presha huziharibu, zikakutwa salama.

Sasa presha imetulia. Odell anameza dawa kila siku, na chumvi wameipunguza sana. Lori lina dereva mwingine.

Jana simu ya zahanati ililia. "Bwana Odell, muda wako wa kupimwa umefika."

Verlene alimshikia simu sikioni, maana mkono wake hauinuki. Odell alisikiliza hadi mwisho. Machozi yakamtoka.

"Tu... tumechelewa," akasema kwa shida.

"Tumechelewa, mume wangu," Verlene akajibu. "Haya, twende."