Jina Alilopewa wa Kibua

Jumapili baada ya misa, Mbusa aliwapanga watu wa nyumbani kwao uani ili awapige picha, na kamera yake ikaona mtu mmoja zaidi.

Aliyeligundua jambo hilo ni Augustine, dada yake mkubwa, ambaye alikuwa amekataa kupigwa picha, akasimama nyuma ya mabega ya Mbusa. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera, mraba wa njano ulikuwa umetua juu ya uso wa mama yao, Elisabeth, aliyeketi kwenye kiti cha mbao. Mraba mwingine ulitua juu ya uso wa Blandine, mke wa Mbusa. Wa tatu ulikuwa juu ya kigoda kitupu kando ya mama. Haukutulia. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukaegemea upande, kama kichwa cha mtu anayejiweka sawa atoke vizuri. Chini ya kila mraba palikuwa na jina. Chini ya ule wa kigoda paliandikwa: NDUNGO.

Mbusa aliizima kamera upesi, akacheka kile kicheko chake cha dukani, cha kuwachekea wateja wanaorudisha bidhaa mbovu.

"Mwangaza iko mubaya," alisema. "Tutapiga siku ingine."

Mwangaza ulikuwa mzuri kabisa.

Kwa Wanande jina la mtoto wa kiume halichaguliwi, huja kwa zamu ya kuzaliwa. Mama Elisabeth alizaa Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo na Mbusa. Wasichana wana zamu yao, na Augustine alikuwa peke yake katika hiyo. Kisha baba yao akafa, na uzazi ukakoma hapo. Jina linalomfuata Mbusa ni Ndungo, na katika nyumba ile lilibaki bila mwenyewe. Kila jioni mama aliwataja wanawe katika sala kwa mpangilio huo, wafu na wazima, waliobaki Butembo na waliomfuata kwenye biashara huku Masisi, asimruke hata mmoja. Alikuwa mzee wa miguu tu. Kichwa chake kilikumbuka hata nani aliondoka na sufuria ya nani kwenye msiba upi.

Augustine alirithi kichwa hicho, na hakumsamehe Mbusa kwa kutokirithi.

Mbusa alikuwa mtu wa kununua kwanza na kutafuta sababu baadaye. Alipokwenda Goma kutafuta kamera, muuzaji alimshauri achukue ndogo, yenye lenzi fupi inayopokea mwanga mwingi, ya kupiga watu mezani, soko, ng'ombe kilimani. Angekuwa na picha nzuri kila siku. Lakini Mbusa aliwahi kuona wageni wa kutazama masokwe wakibeba lenzi ndefu kama mkono, naye akataka mkono huo. Akaongeza stendi ya miguu mitatu. Njiani, kwenye kizuizi kimoja, walioshika bunduki walidhani stendi ile ni ya kuwekea mtutu, wakamlaza kifudifudi matopeni. Yeye alisimulia kwamba aliwaelewesha kwa Kifaransa. Dereva alisimulia kwamba alilia.

Picha zake za ndege zilikuwa picha za matawi ambayo ndege ametoka kuyaacha. Msituni mwanga ni hafifu. Lenzi nzito hutaka mkono usiotikisika na mtu anayejua kungoja. Mbusa hakuwa na mkono huo, wala hakujua kungoja. Alibonyeza kwa pupa, picha mfululizo kama mtu anayepukuchua mahindi, halafu akailaumu kamera. Alipoonywa kwamba unyevu wa Masisi huotesha kuvu ndani ya kioo, alijibu kwamba kuvu ni ugonjwa wa kamera za bei rahisi. Simu ya Blandine aliiita mchezo wa watoto, ingawa picha zote zilizotundikwa ukutani, za ubatizo, za mama akichambua maharage, zilitoka kwenye simu hiyo.

Jumapili ile, Mbusa alipoingia jikoni kutafuta chai, alimkuta Augustine akimsubiri karibu na jiko.

"Ndungo njo nani?"

"Aa, dada. Iko muchezo tu."

"Nakuuliza muntu, unanijibu muchezo."

Mbusa alijitetea kwa sauti ya chini. Kamera yake ilijua kukumbuka nyuso. Unaisajilia uso, unauandikia jina, na hata kwenye kundi la watu itautafuta huo kwanza. Alipokwenda Kibua kununua mawese, aliteremka kwenye chemchemi iliyo chini ya kijiji kumvizia ndege wa buluu anayevua samaki. Watu wa pale walimkataza kukaa. Akawacheka, akasimika stendi yake. Ndege hakuja. Ila kamera iliweka mraba kwenye shina la mti lililoota kuvumwani, ikamuuliza kama asajili uso mpya.

"Mi niliona muti tu, dada. Nikasema, apareyi nayo imekunywa pombe!"

"Na ukaandika."

"Nikaandika Ndungo. Kila siku mi njo wa mwisho, Mbusa leta maji, Mbusa beba mufuko. Nikasema, leo niko na mudogo wangu, nami nitamutuma." Alicheka, akaona anacheka peke yake.

"Wee mupumbafu. Ulimupa nafasi mu tumbo ya Mama."

"Nilimupa jina mu mashine!"

"Kwetu jina njo nafasi. Hata mutoto wa chekechea anajua."

Augustine angeweza kutafuta mtu wa kuwasaidia siku hiyohiyo. Hakufanya hivyo. Alijiambia kwamba hofu kidogo itamfunza mjinga, akarudi kwenye mchele wake.

Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya majani yaliyooza chini ya maji, baridi na tamu kidogo, na ilikaa upande mmoja tu wa meza, pale palipo na kigoda. Halafu ukaja mlio: kamera imo ndani ya mfuko wake, mfuko umefungwa, umewekwa juu ya kabati, na humo ndani kitu kinabonyeza, tcha, tcha, tcha, taratibu, kwa subira ambayo Mbusa hakuwahi kuwa nayo. Blandine aliitoa kadi ya kumbukumbu, akaitazama mbele ya Augustine. Zilikuwamo picha zao wenyewe, wakila, wakifua, wakisali, kali na safi hadi unahesabu nyuzi za kitambaa cha mama, zimepigwa kutoka usawa wa mtu aliyeketi chini.

"Hii Mbusa hawezi kupiga," Blandine alinong'ona. "Dada, hii iko muzuri sana."

Katika picha zote hizo Mbusa alikuwamo, lakini kila mahali uso wake ulikuwa na ukungu, kama kioo kilichoota kuvu hapo tu. Na Blandine alipomwelekezea mumewe kamera uani, kukiwa na jua, mraba wa njano uliupita uso wake kama unavyopita gunia, ukaenda mlangoni, ambako hapakuwa na mtu.

Kisha mama akaanza kupakua chakula, na mikono yake, ambayo miaka yote ilijua kila mtu anakula kiasi gani, ilimega ugali, ikamega tena, ikasukuma sahani mbele ya kigoda bila yeye kutazama, huku akiendelea kusimulia habari za soko, na mvua ikipiga mabati na ile harufu ikizidi kupanda hadi Blandine akafunika pua kwa kitenge, na Augustine, aliyekuwa akijiambia kwamba ni uzee, kwamba ni mazoea, kwamba haiwezekani, akaona ugali ukipungua kutoka pembeni kwenda katikati, kwa adabu, kama anavyokula mtoto mdogo mbele ya wakubwa, na sahani ya Mbusa, mtoto wa tumbo lake, mama hakuijaza.

"Mama, na mimi?" Mbusa aliuliza.

Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua mtu. "Ee, Mbusa," alisema hatimaye. "Nilikusahau kidogo."

Asubuhi Augustine alituma pikipiki Kibua kumchukua Mama Emérita, mwanamke aliyejulikana huko kwa kuwafukuza pepo wa majini na wa msituni. Alifika kabla ya mvua ya alasiri, mfupi, mkavu, na mfuko wa majani ubavuni. Alisimama mlangoni akavuta hewa, akamtazama Mbusa kuanzia viatu.

"Njo wewe muntu wa bomba ya foto. Tulikukataza."

"Mama, mi sikuamini mambo ya..."

"Nani alikuuliza kuamini? Tulikuambia kutoka." Akamgeukia Augustine. "Ile kitu ya chemchemi haina jina. Tangu bibi yangu tunaifukuza na moshi na matusi, inaenda, juu haina pahali ya kukaa. Nyinyi munaiandikia jina kama ya ubatizo! Sasa niifukuze namna gani? Ninafukuza jini. Sifukuze mutoto wa muntu."

"Tufanye nini?" Blandine aliuliza.

"Mwenye kuandika njo atafuta. Yeye mwenyewe, na mukono yake, mbele ya mama yake. Halafu mi nitafanya yangu." Alimsogelea Mbusa hadi akarudi nyuma. "Lakini sikia. Ile kitu iko mwizi ya sura. Sura inaweza kuichezea. Herufi haiwezi, haikusoma. Wakati wa kufuta, usiangalie sura. Soma jina."

"Mama, niko na diplome d'État," alisema Mbusa. "Kusoma najua."

Emérita alitema mate nje, akawasha majani yake.

Moshi ulijaza chumba. Mama Elisabeth alikaa kitini, rozari mkononi. Emérita alianza kutukana, matusi mazito ya kizamani, na kile kigoda kikaanza kutetemeka na kugonga sakafu, na ile harufu ya maji ikawa nzito kiasi kwamba kuta zilitoa jasho, na Mbusa akafungua orodha ya nyuso kwenye kamera. Augustine alisogea akachungulia juu ya bega lake.

Palikuwa na nyuso ndogo nne, kila moja na jina chini yake. Mama alikuwa mama. Blandine alikuwa Blandine. Juu ya jina la Ndungo alikuwapo Mbusa, na kicheko chake cha dukani. Na juu ya jina la Mbusa kulikuwa na kitu cheusi, chenye manyoya ya kuvumwani, kisicho na macho, kikitabasamu.

Kidole cha Mbusa kilikwenda moja kwa moja kwenye kile cheusi. Kamera ikauliza kwa Kifaransa kama ana hakika.

"Mbusa! Soma jina!"

"Aa, dada, niache! Mi sijue sura yangu mwenyewe?"

Akabonyeza kwa pupa, kama alivyobonyeza kila kitu.

Kamera ikatoa mlio mmoja mdogo, tcha. Kigoda kikatulia. Harufu ikakatika ghafla, kama mfuniko umerudishwa juu ya chungu, na nje mvua ikaanza kunyesha kwa upole. Blandine akalia kwa furaha. Mama Emérita hakufurahi. Alikitazama kigoda, akamtazama yule aliyesimama na kamera, akakusanya majani yake bila kudai chochote, akatoka kwenye mvua bila kuaga.

"Tumushukuru Mungu," alisema Mama Elisabeth, akainua rozari. Sauti yake ilikuwa imara kuliko ilivyokuwa siku zote hizo. "Unilindie Paluku. Unilindie Kambale, Kasereka, Kakule. Unilindie Katembo. Unilindie Ndungo. Amina."

"Amina," alisema Blandine.

"Mama," alisema mtu mwenye kamera. "Umeniruka."

Mama Elisabeth aligeuka. Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia kukwepa mvua.

"Karibu, Papa. Unatafuta nani?"

"Mama! Njo mimi! Blandine, mwambie!"

Blandine alijifunga kitenge vizuri na kurudi nyuma hatua, akasimama kando ya kigoda. "Papa, kama uko unauzisha foto, bwana yangu njo anaamua," alisema, akakionyesha kigoda kwa kidevu. Kisha akainama, kama mtu aliyeulizwa jambo kwa sauti ya chini, akatikisa kichwa. "Anasema hapana. Hatutaki."

Mtu yule alimgeukia Augustine. Alikuwa ameiacha kamera ianguke. Lenzi yake ndefu ilibingirika sakafuni. "Dada," alisema, na machozi yakamtoka. "Dada, wewe husahau. Sema jina yangu. Sema tu."

Augustine alifungua kinywa. Kichwa chake hakikuwahi kupoteza kitu, kwa hiyo alianza mwanzoni, kidole kwa kidole: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Kidole kilichofuata kilikuwa tayari, na jina lililokuja lilikuwa la yule mpole aliyeketi pale chini, asiyeomba kitu, anayejua kungoja.

Alimtazama mgeni aliyekuwa akilia. Alihisi kwamba aliwahi kumdharau mtu huyu kwa jambo fulani, jambo la siku nyingi, la pupa au la uongo au la kucheka pasipostahili. Akaitafuta dharau hiyo moyoni mwake, kwa uangalifu, kama anavyotafuta kila kitu, na hata hiyo hakuipata.

"Mvua itapungua," alimwambia. "Ngojea barazani, Papa. Utaendelea na safari yako."