Idhini ya Marehemu Herman

Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi ya Jumatano, tarehe 2 Julai, Herman aliidhinisha mabadiliko kwenye faili la kizingiti cha hewa. Ndivyo kumbukumbu za mradi zilivyoonyesha. Febronia aliusoma mstari huo mara tatu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akausoma tena. Herman alizikwa Isaka tarehe 19 Machi. Febronia mwenyewe alitupia udongo kaburini.

Sasa ilikuwa tarehe 9. Jana yake, saa nane mchana, wachimbaji saba walitoka yumbayumba katika duara moja, shimo la dhahabu upande wa Geita. Moshi wa pampu ya petroli ulikuwa umerudi shimoni. Kifaa cha kupima hewa kilikuwamo, tena kizima, lakini kililia dakika kumi na moja baada ya watu kutoka. Wote saba walipona. Limi, binti kutoka Samuye aliyezunguka maduarani kufundisha matumizi ya kifaa hicho, ndiye aliyepiga simu kutoa habari. Febronia alimshukuru Mungu kwanza, ndipo akafungua kompyuta kutafuta sababu.

Kifaa kiliendeshwa na Kengele, programu huria iliyoanzishwa na Herman pale Kahama. Mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuitumia na kupendekeza mabadiliko. Kilichozuia vurugu ni orodha moja, yaani orodha ya wamiliki wa mafaili. Kila faili, likiwamo lile la kizingiti lililoamua kengele ilie lini, lilikuwa na mwenyewe, na pendekezo halikuingia mpaka mwenyewe aidhinishe. Febronia alikuwa karani wa masjala Bukombe kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na orodha ile aliitunza kama alivyotunza majalada ya serikali. Tarehe 4 Aprili alilifuta jina la Herman na kuandika la Gaurav. Sasa Gaurav hakuwemo, na Herman alikuwa amerudi.

Chini ya idhini paliandikwa maneno machache: "Ipite. Baada ya baruti kengele inalia hata saa nzima, watu wanakizima kifaa. Wabeja."

Aliyanakili maneno hayo kwenye daftari, akampigia Innocent, mtaalamu wa programu aliyefundisha chuo kimoja Shinyanga.

"Shikamoo, Mama Suzana."

"Marahaba. Innocent, pendekezo lililoingia tarehe 2 uliliandika wewe?"

"Niliandika mimi, mwezi wa tano. Kifaa kilikuwa kinapima wastani wa hewa wa dakika mbili ndipo kilie, nikapendekeza kumi na tano, kisiwe kinalia kwa moshi wa baruti unaopita. Gaurav akakataa. Juzi nikaona limepita, nikafurahi. Sikuangalia kaidhinisha nani."

"Jina la Herman limerudije kwenye orodha?"

"Tarehe 24 Juni nilipanga upya makabrasha yote. Orodha ya zamani ikawa haisomeki, nikaweka nakala niliyokuwa nayo kwenye kompyuta yangu." Sauti ikashuka. "Ilikuwa ya Machi, Mama. Nilitaka nikuulize, ukawa Ushirombo kwenye harusi ya Suzana."

Febronia alihisi joto usoni. Kila mwisho wa mwezi aliipitia orodha, jina kwa jina. Mwisho wa Juni alikuwa akicheza ngoma na wakwe.

"Tarehe 2, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Nasimamia mtihani. Saa tatu hadi saa sita. Simu na kompyuta zote tuliziacha mlangoni."

Chuo kilithibitisha. Febronia alilirudisha faili la kizingiti katika hali yake ya zamani, akaagiza kila kifaa kipakiwe upya siku hiyohiyo, kisha akatembea hadi dukani kwa Gaurav.

Gaurav aliuza paneli za jua na vipuri vya umeme katika duka la babu yake. Mama yake, Champaben, alimletea Febronia kiti na chai kabla hajaulizwa neno.

"Gaurav, ulijua kwamba wewe si mmiliki tena wa lile faili?"

"Nilihisi. Tangu tarehe 24 sikuletewa pendekezo hata moja. Nilidhani mmeniondoa."

"Tukuondoe kwa nini?"

"Nilimkatalia Innocent mara mbili. Na wateja kila siku wako hapa, kifaa kinapiga kelele, kifaa kinapiga kelele. Nikasema, basi, wamemchoka muuza duka."

"Kwa hiyo kelele zikipungua, na wewe unapumzika."

Gaurav alimtazama. "Ndiyo. Lakini watu wakifa chini, mimi nitalala?"

"Tarehe 2 asubuhi ulikuwa wapi?"

"Isaka."

Kikombe cha Febronia kilisimama njiani. Kompyuta ya Herman ilikuwa Isaka, nyumbani kwa mjane wake.

"Nilikwenda bandari kavu kupokea mzigo," Gaurav alisema. "Karatasi ya getini anayo dereva, na dereva yuko Kigali. Nitamwambia aipige picha."

Alhamisi Febronia alikwenda Isaka. Njiani aliongea kwa simu na Apolinari, msimamizi wa lile duara, akamwuliza walitokaje kabla kengele haijalia.

"Nasibu alianza kuropoka," Apolinari alisema. "Anamwita mama yake mle shimoni. Sisi tulishafundishwa, mwenzako akiropoka usisubiri kengele, mfunge kamba, tokeni wote. Tukatoka."

"Nani aliwafundisha?"

"Si ndiye huyu mwalimu wenu, Limi. Alitufanyisha mazoezi mpaka tukamchukia."

Rhoda, mjane wa Herman, alimpokea kwa mikono miwili. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa.

"Naichaji kila Jumapili," alisema. "Picha zake zote zimo humo. Sijafunga kitu chochote, naogopa nikifunga haitafunguka."

"Kwa hiyo akaunti yake iko wazi."

"Sijui mambo ya akaunti, Mama Suzana. Iko kama alivyoiacha."

"Jumatano ya tarehe 2 nani alikuja hapa?"

"Jumatano huwa niko mnadani tangu alfajiri. Ufunguo uko kwa jirani, na jirani haugawi kwa mgeni." Rhoda aliikunja kanga yake, akaikunjua. "Ila siku ile niliporudi nilikuta ndoo zote zimejaa maji, na nguo za mwanangu Luka zimefuliwa ziko kambani. Nikajua ni wifi. Nilipomshukuru akasema si yeye."

Febronia aliandika hayo kwenye daftari na hakuuliza tena. Njia nzima ya kurudi Kahama aliwapanga watu wake kichwani kama majalada. Innocent alikuwa kwenye mtihani. Gaurav alikuwa Isaka, lakini Gaurav wa kufua nguo za mtoto na kuzianika hakumwona. Halafu lile neno la mwisho, wabeja. Herman alikuwa Msumbwa wa Ushirombo kama yeye, na katika miaka yote hakumsikia akishukuru kwa Kisukuma. Tena aliyeandika aliwaona wachimbaji wakikizima kifaa kwa macho yake. Herman alikuwa kaburini wakati wanaanza kukizima.

Jumamosi, saa tano asubuhi, aliwaita wote kwenye chumba cha juu cha duka la Gaurav. Innocent alikuja, Rhoda alikuja, na Limi alikaa karibu na mlango, mkoba magotini. Apolinari naye alikuja, bila kualikwa, kwa kuwa alikuwa mjini kununua kamba.

Febronia alianza na Gaurav. Picha ya karatasi ya getini ilikuwa imefika: aliingia bandari kavu saa tatu na nusu, akatoka saa sita. "Nilikushuku, mwanangu. Nakuomba radhi. Na radhi kubwa zaidi ni kwamba ulikaa siku kumi na tano ukidhani tumekutupa, kumbe ni orodha yangu iliyokosewa." Gaurav aliinamisha kichwa.

"Innocent alirudisha orodha ya zamani bila kujua. Mimi sikuikagua. Lakini orodha mbovu haiidhinishi kitu yenyewe. Kuna mtu aliona jina la Herman limerudi, akajua kompyuta yake iko wazi, akaenda Isaka siku ambayo Rhoda yuko mnadani. Jirani alimpa ufunguo kwa sababu anamzoea. Alimaliza kazi yake kwa dakika chache. Halafu akaona aibu kuondoka hivihivi, akachota maji, akafua."

Rhoda aliweka kiganja mdomoni.

"Limi," Febronia alisema taratibu, "wewe huwa unamwambiaje mtu asante?"

Limi aliutazama mkoba wake. "Wabeja," alisema. "Ni mimi, Mama."

"Tueleze."

"Maduara matatu yalikuwa yameshatupa vifaa. Mwezi wa sita nilikuta kimoja kimezikwa kwenye kifusi kisisikike. Gaurav anakataa, Innocent anasema tusubiri, mimi ndiye ninayetazamana na wale watu. Nilipoona jina la Herman pale, nilisema Herman angenielewa." Alivuta pumzi. "Nikambonyezea. Dakika kumi na tano niliona ndogo. Sikujua moshi wa pampu unaua haraka hivyo."

"Ndiyo maana nilikataa," Gaurav alisema. "Niliandika sababu. Hukusoma?"

"Niliona umekataa tu. Sikusoma."

"Jumanne ulipopiga simu, ulijua chanzo?" Febronia aliuliza.

"Nilijua. Tangu siku hiyo sijaweza kula. Niondoeni kwenye mradi. Nitamwomba radhi Mama Luka, nitaondoka."

Apolinari, aliyesimama dirishani na kamba yake mpya begani, alikohoa. "Mimi mambo ya kompyuta siyajui. Huyu binti amekosea, na amekosea sana. Lakini Jumanne kifaa kilipokaa kimya, kilichotutoa ni mafunzo yake. Watu saba wamerudi kwa wake zao. Mkimwondoa, wenzetu wa maduara mengine atawafundisha nani?"

Rhoda aliinuka, akaenda kukaa karibu na Limi. "Ungeniambia," alisema. "Ningekuwepo nikupikie." Limi alianza kulia bila sauti.

Walikaa mpaka saa saba. Waliamua kila faili la hatari liwe na wamiliki wawili walio hai, na orodha ikaguliwe kila mwezi na watu wawili, Febronia akiwa mmoja wao. Rhoda alisaidiwa kuhamisha picha, kisha yeye mwenyewe akaifunga akaunti ya mumewe. Kuhusu kifaa kulia baada ya baruti, Gaurav na Innocent walibishana, wakachora, wakapata njia. Kifaa kitabaki na dakika zake mbili, ila kitakuwa na kitufe cha kunyamazisha mlio kwa dakika chache wakati duara liko tupu. Limi ndiye aliyewaambia kitufe kikae wapi, mkono wenye glavu ukifikie.

Jumatatu, tarehe 14, Febronia alimsindikiza kule Geita. Limi alisimama mbele ya wale saba akawaeleza kila kitu, bila kujitetea, kwa Kisukuma na Kiswahili. Nasibu, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, ndiye aliyeongea wa kwanza.

"Sasa hilo faili ni la nani?"

"La Gaurav," Limi alisema. Alisita, akamtazama Febronia. "Na la kwangu."

Nasibu alikigeuza kifaa, akaomba kalamu ya wino mzito, akamkabidhi Limi. "Basi andika hapa nyuma. Majina na namba za simu. Kisipolia, tujue tumpigie nani."

Limi aliandika. Febronia alivaa miwani, akazikagua namba moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, akakirudisha kifaa mikononi mwa Nasibu.