Bango la Usiitike

Asubuhi ile jirani yetu Verna Peters alikuwa akichimba chaza kama kawaida yake, bahari imekupwa, reki mkononi, ndoo ubavuni. Alipoinua macho akaliona bango. Limesimikwa ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari uingiao kwetu, mbele ya mierezi, bado linanuka rangi. Juu jina la hori, chini yake maana: "Maji Yaitayo kwa Upendo."

Damu ikamchemka. Lile halikuwahi kuwa jina! Zamani mpima ardhi wa Kizungu aliuliza hapa panaitwaje. Bibi aliyekuwa naye alisikia maji yakimwita yule bwana, akamkataza kwa lugha yetu: "Usiitike!" Bwana akaliandika neno hilo kwenye ramani yake, akidhani ndilo jina. Ndiyo maana sisi, ukiitwa horini, hufungui mdomo. Unagonga ndoo mara mbili, basi.

"Nani kaandika upuuzi huu?" Verna alifoka.

"Mimi, mama mkubwa." Alikuwa Marlene, binti wa marehemu mdogo wake, mfanyakazi wa utalii. Alishuka akitabasamu. "Wageni watakuja kutazama onyo, kweli? Nimelipamba kidogo tu."

"Umepamba jeneza, we mtoto! Watasimama hapa waitikie! Ling'oe leo hii!"

"Nawe na mambo yako ya kale. Maji yana mdomo?"

Ukungu ukaingia. Ndege wakanyamaza.

"Marlene."

Ilitoka majini. Sauti ya mama yake, tuliyemzika majira ya baridi.

"Gonga ndoo," Verna alinong'ona. "Gonga, mwanangu."

Marlene alikwishageuka, machozi yanamtiririka.

"Abee, mama."

Ukungu ulipoondoka, buti zake zilikuwa zimesimama chini ya bango, zimejaa maji ya chumvi.

Verna alilivunja lile bango kwa reki, akimtukana mpima ardhi, akimtukana Marlene, akijitukana kwa kugombana badala ya kumshika mkono. Hasira haikumpoa. Aliendelea kuchimba palepale, kwa ukaidi. Kila bahari ilipokupwa, maji yalimwita kwa sauti ya Marlene: "Mama mkubwa." Hakuitika. Aligonga ndoo mara mbili.

Juzi, chini ya mchanga aliokuwa amesimama juu yake, kitu nacho kikagonga. Mara mbili. Sisi tuliokuwa ukingoni tulisikia.

Tukamsikia na Verna, kwa ghadhabu yake yote:

"Sasa ndiyo unajua kugonga!"

Tulikimbia. Tulikuta ndoo ya chaza, na buti zake zimesimama wima, zimejaa maji.