Unga Mbele ya Kabati la Mikate

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mimi na dada tulimsaidia mama kupanga mikate kwenye masinia. Mama ni mwoka mikate, na jicho lake halipitwi na kitu.

"Miwili imepungua tena," alisema siku moja, akanitazama mimi tu. Nyumbani naitwa Tumbo, kwa hiyo kesi ilikuwa imeshaamuliwa.

Jioni mama alinyunyiza unga mbele ya kabati. Kulipokucha, unga ulikuwa na alama za kandambili. Zangu! Nilikana hadi sauti ikanikauka. Baba alitikisa kichwa tu, na iliniuma sana.

Basi na mimi nikaanza kuwachunguza. Baba? Akishalala hata ngoma haimwamshi. Dada? Siku hizi hata chai haigusi. "Nimeshiba," husema huku akisinzia mezani. Ameshiba nini? Nikainua mto wake. Makombo matupu!

"Kumbe ni wewe, na kandambili zangu ukavaa!"

Dada alifunga mlango haraka, machozi yakimlengalenga. "Nilivaa zilizokuwa karibu. Shuleni wananiita Pipa, ndiyo maana mchana sili. Usiku usingizi hauji, njaa inanibana, nakula mpaka naumwa, halafu najichukia. Tafadhali, mdogo wangu, usiseme."

Hasira zote zikaniisha, nikaingiwa na hofu.

"Nitasema," nilimjibu. "Ninunie hata mwaka mzima. Au twende wote."

Tulikwenda wote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akampeleka dada kituo cha afya siku hiyohiyo.

"Huu si ulafi wala wizi. Ni ugonjwa, na unatibika," muuguzi alimwambia. "Ukiunyima mwili chakula mchana, usiku unakudai, haulali. Usipolala, njaa nayo inavurugika. Utakula kwa saa zake, na utakuja hapa kila wiki tuzungumze."

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwezi wa pili wa matibabu ndipo dada alipolala usiku kucha.

Asubuhi hiyo mama alinivuta pembeni. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nasaka mwizi, kumbe nina mgonjwa ndani. Ningemuuliza kwa nini hali chakula, nisingemwaga unga. Na wewe umefanya vyema. Mwenzako akiumia kimyakimya, mwambie mtu mzima, hata akikuomba unyamaze."