Jina Lililokosekana Kotekote

Kila Jumatano baada ya masomo, Asya alibaki ofisini kumsaidia Mwalimu Tamima kuingiza majina kwenye kompyuta. Skuli yao ilikuwa na wanafunzi wa asubuhi na wa mchana, kila kundi na orodha yake. Umeme ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo Asya alijizoesha jambo moja: kila akibadilisha kitu, anakihifadhi papo hapo.

Jumatatu moja, saa sita, orodha za mtihani wa darasa la sita zilibandikwa ukutani. Watoto wakasukumana kutafuta majina yao.

"Wee Mwanabaraka, mbona humo?" Hafidh alicheka. "Au utafanyia mtihani kisiwani kwenu Fundo, pamoja na samaki?"

Mwanabaraka hakucheka. Alisoma orodha ya mchana, akasoma ya asubuhi, akarudia tena. Alitoka Fundo kuja kumuuguza bibi yake, na wiki iliyopita aliomba kuhamia mchana ili asubuhi ampikie uji.

"Saa nane orodha zinapelekwa ofisi ya elimu Wete," alisema kwa sauti ndogo. "Asiyekuwemo hafanyi mtihani."

Asya, rafiki yake, alikuwa amesimama nyuma yake. Alikumbuka. Jumatano iliyopita alilifuta jina la Mwanabaraka kwenye orodha ya asubuhi, akahifadhi. Kabla hajaliandika kwenye ya mchana, umeme ukakatika, naye akaenda zake nyumbani. Hakuna aliyejua. Angenyamaza, lawama ingebebwa na kompyuta.

Akamshika rafiki yake mkono, wakaingia ofisini.

"Mwalimu, ni mimi niliyempoteza Mwanabaraka," alisema, machozi yakimlengalenga, akaeleza yote.

Mwalimu Tamima hakugomba. Aliliandika jina, akachapisha orodha mpya, kisha akawavutia viti.

"Na mimi nina kosa, mwanangu. Nilikufundisha kuhifadhi upesi, sikukufundisha wakati wake. Kumtoa mtoto huku na kumwingiza kule ni jambo moja. Programu hii inaweza kuyafunga mabadiliko yote mawili pamoja. Huo huitwa muamala. Unaufungua, unafuta, unaandika, ndipo unathibitisha yote kwa pamoja. Umeme ukikatika katikati, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa."

"Kwa hiyo ningebaki wa asubuhi?" Mwanabaraka aliuliza.

"Ungebaki wa asubuhi, lakini ungekuwepo."

Mwanabaraka akacheka, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwalimu akampa Asya ile karatasi yenye joto bado.

"Kabandike wewe. Kompyuta inaweza kuilinda kazi isiishie nusu, lakini haiwezi kusema kweli kwa niaba yetu. Hilo umelifanya wewe, na ndilo lililomrudisha mwenzio."