Soli ya Tabaka Kumi

Basi lilikuwa limeshaondoka kwenye nafasi yake, linajipenyeza kwa honi katikati ya wachukuzi na wauza maji, na mwanamke mmoja alikuwa analikimbilia, mfuko wa sare za shule begani, tiketi kaibana kwa meno. Alivaa gauni la zambarau lililomkaa sawasawa, maana alilishona mwenyewe. Mbio zake lakini zilikuwa za kudunda, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa na soli nene kama kipande cha tofali, na hatua tano kabla ya kuushika mlango soli ile ilibanduka, ikabaki nyuma. Mwanamke akaenda chini na sare zake.

Ndani ya basi, dirishani, abiria mmoja aliiona ile soli. Mwingine angeona mwanamke kaanguka. Huyu aliona soli. Akamrukia konda, akagonga bati, akashuka gari likitembea. Suruali yake ilinasa kwenye komeo la mlango ikapasuka kutoka goti mpaka karibu na kifundo.

"Nani alikutengenezea hii?" aliuliza, soli mkononi, mwenyewe kachuchumaa kwenye vumbi.

"Kwanza habari yako," mwanamke alisema akiokota sare.

"Nzuri. Nani? Maana huyu si fundi, huyu ni adui yako."

"Niliibandika mwenyewe."

Mwanamume aliigeuza soli upande wa pili. "Basi gundi ulichagua nzuri."

"Mwongo."

"Mwongo," alikubali, na wote wawili wakacheka pale pale chini, watu wakiwapita kwa kuwaruka.

"Na begi lako liko wapi?"

Mwanamume aligeuka. Basi lilikuwa linakata kona. "Linakwenda kwa mama," alisema. "Limeamua kutangulia."

Mama mtu alipiga simu jioni. "Begi limefika salama," alisema. "Limekaa hapa sebuleni, halina maneno. Sasa nauliza, mwanangu niliyemzaa yuko wapi?"

"Nimeshuka njiani, mama. Kulikuwa na soli."

"Soli ya nani?"

Akaanza kueleza habari za gundi, na mama mtu akaelewa.

Wakati huo sare zilikuwa zimekwenda na basi la mchana, na huyo mwana alikuwa amekaa kwenye duka la kona la yule mwanamke, fundi cherehani, kajifunga kanga ya shangazi mtu kiunoni, akisubiri suruali yake. Shangazi, aliyemlea yule mwanamke tangu mdogo, alipita mara tatu bila sababu yoyote ili amwangalie vizuri.

Kazi ya mwanamume huyo ilikuwa nyuma ya hospitali, kwenye karakana ya idara ya mifupa: viatu vya kuinua, vyuma vya kushikia magoti, miguu ya bandia. Fundi cherehani alimpa jina la Soli siku ile ile. Yeye naye akamwita Sindano, kwa kuwa, alisema, ulimi wake ulichoma na kushona papo hapo.

Wiki iliyofuata Sindano alikwenda karakanani kupimwa. Palinuka gundi na ngozi mbichi. Soli alimsimamisha peku, akamwomba ruhusa, akaweka vidole gumba kwenye mifupa miwili ya mbele ya nyonga. Kisha akawa anasogeza mbao nyembamba chini ya mguu wa kulia, moja juu ya nyingine, mpaka ile mifupa ikakaa mstari mmoja.

"Sentimita tatu," alisema. "Na unaumwa."

"Nimekuambia naumwa?"

"Umesimama dakika tano, umehama mguu mara kumi. Unapiga pedali mpaka saa ngapi?"

"Zamani mpaka jioni. Sasa hivi adhuhuri naacha." Aliangalia pembeni. "Usiku nalala na mto katikati ya magoti."

"Mimi naweza kukuinua, Sindano. Maumivu siwezi kuyatoa kwa soli. Kamwone daktari wa mifupa."

"Siendi."

Ilimchukua miezi mitatu ya viatu, chai na simu za mchana kumwambia kwa nini. Alizaliwa nyonga yake haijakaa kwenye kikombe chake. Alipokuwa na miaka mitano shangazi alimvalisha gauni zuri akamwambia, twende tukanunue viatu vipya. Akaenda akiruka njia nzima. Alipozinduka alikuwa ndani ya plasta ngumu kutoka kifuani mpaka magotini. Alikaa humo miezi, na nyonga haikupona.

"Plasta niliisahau," alisema. "Viatu sijavisahau. Kila mtu njiani alijua tunakokwenda isipokuwa mimi."

Soli alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Aliendelea kukoroga.

"Nitakwenda kwa huyo daktari wako," Sindano alisema. "Kwa sharti moja. Kuhusu huu mguu, asinidanganye mtu. Wewe wa kwanza."

"Sitakudanganya."

Daktari wa mifupa alikuwa mama mfupi mwenye viganja vipana. Aliwasha taa nyuma ya picha akaeleza bila kupamba. Kichwa cha mfupa kimesagika. Atakikata, atachonga kikombe kipya, atashindilia shina la chuma ndani ya paja na kuweka kichwa cha bandia juu yake. Miguu italingana. Lakini hatari zipo, akazitaja moja moja: vijidudu, damu kuganda, nyonga kuchomoka.

"Ataogopa?" Soli aliuliza.

"Muulize yeye, yupo hapo," daktari alisema, na Sindano akampenda kuanzia dakika ile.

Walimchoma ganzi ya mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho nyuma ya pazia. Kesho yake alipiga simu kutoka wodini, sauti imekauka.

"Soli, kumbe wale ni mafundi kama wewe. Nimesikia msumeno. Nimesikia nyundo, ko, ko, ko, nami natikisika kitandani kama meza inayopigiliwa msumari."

"Uliogopa, mpenzi?"

"Nilitaka kuwaambia waangalie pindo." Akacheka, akalalamika kwamba kucheka kunauma. "Wamenisimamisha leo. Hatua nne. Yale maumivu ya zamani hayapo, mpenzi wangu. Nimeyatafuta sijayaona."

Wiki sita alitembea na magongo. Asikunje mguu kupita kiasi, asikae kwenye kigoda, asipandanishe miguu. Shangazi alificha vigoda vyote vya nyumba, na majirani waliokuja kumpa pole walisimama kama wako foleni.

Matata yalianza alipoyaacha magongo. Mguu wa kulia, ule wa miaka yote mfupi, sasa alihisi umekuwa mrefu. Akawa anadunda upande wa pili. Fundi cherehani hadanganyiki na kipimo: alichukua tepu yake, akalala chali, shangazi akashika ncha. Kutoka kitovuni mpaka kifundoni, kulia kulizidi kushoto kwa sentimita moja kamili.

"Daktari kapitiliza," alisema karakanani, tepu shingoni.

"Hajapitiliza. Umeanzia wapi kupima?"

"Kitovuni. Nguo unaanzia wapi wewe, sikioni?"

"Mguu hauanzii kitovuni." Soli alimlaza, akaiweka tepu kwenye mfupa wa nyonga, akaishusha. Kulia, kushoto, namba ile ile. "Miguu iko sawa. Kiuno chako ndicho kimeinama miaka zaidi ya thelathini kikitafuta ule mguu mfupi. Bado kinautafuta. Kipe muda, miezi sita."

"Nani anatembea, mimi au tepu yako?"

"Wewe."

"Basi niwekee soli kushoto."

"Nikikuwekea, kiuno hakitajifunza."

"Nimeanguka juzi, Soli. Mbele ya wateja. Shangazi ndiye aliyeniokota." Akamsukumia kiatu cha kushoto. "Niwekee."

Dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa anamfundisha kutembea upya, alimwambia Soli pembeni: mwekee, asije akavunjika, halafu uipunguze kidogo kidogo. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba Soli hakuyasema hayo mbele ya mwenyewe. Alitengeneza kiatu cha kushoto chenye kuinua kwa ndani, tabaka kumi za sponji ngumu, kila moja milimita moja, juu yake ngozi laini. Sindano alikivaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akambusu kwenye paji la uso lenye vumbi la msasa.

Kila Jumamosi Soli alikuja dukani, akakichukua kile kiatu dakika chache "kukagua gundi", akakirudisha. Sindano akawa anatembea vizuri zaidi na zaidi. Alirudi kupiga pedali mpaka jioni. "Kiatu chako kina baraka," alimwambia kwenye simu. "Sikivui hata kidogo."

"Una baraka wewe, Sindano wangu," alisema Soli, na sauti ilimpungua kidogo mwishoni.

Ikaja harusi ya binamu. Sindano alitaka kuvivisha viatu vyake kitambaa cha gauni, kijani chenye mng'ao, kwa hiyo akaibandua ile ngozi ya ndani kwa ncha ya mkasi. Chini yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na alama za gundi, na ubavuni, kwa penseli, mwandiko anaoujua: tarehe kumi, Jumamosi kumi, na mbele ya kila moja namba. Tisa. Nane. Saba. Ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na mbele yake sifuri.

Wiki tatu alikuwa ametembea wima juu ya hewa. Mwingine angepiga vigelegele. Yeye aliketi, kiatu mapajani, akajiona yuko njiani na gauni zuri, anaruka, anakwenda kununua viatu.

Alipiga simu. "Wiki tatu hakuna kitu humu."

Soli aliweka msasa chini. "Hakuna," alisema.

"Nani mwingine alijua?"

"Dada wa mazoezi."

"Na shangazi?"

"Shangazi alinikuta siku moja natoa tabaka."

"Kwa hiyo wote. Kama kawaida."

"Sindano, ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa. Halafu ningekubali. Kwa nini uliniibia hiyo 'halafu' yangu?" Akakata simu.

Siku kumi na mbili hakupokea. Soli alikuja dukani mara mbili. Shangazi alimpa maji na kumwambia mwenyewe katoka, huku cherehani inasikika chumba cha pili. Harusini Sindano alivaa viatu vya kawaida, vya dukani, vya soli sawa. Alicheza mpaka shangazi akamwomba apumzike, na hakufurahi hata wimbo mmoja.

Jumatatu mteja alitaka suruali. Sindano akafungua daftari la vipimo, analipekua kutafuta mfano, akafika kwenye ukurasa wa Soli. Suruali ya kijivu, ile aliyomshonea badala ya iliyopasuka siku ya basi. Kiuno, paja, urefu. Na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Kushoto kunaburuza. Punguza milimita saba. Asijue, atajisikia vibaya.*

Alilisoma mara mbili. Akalifunga. Akamwambia mteja aje kesho.

Karakanani Soli alikuwa anachonga goti la mbao. Alimwona mlangoni, gauni la zambarau, viatu sawa, amesimama bila kuhamahama. Akaweka kisu chini.

"Vua viatu," Sindano alisema. "Panda hapo kwenye ubao."

Alivua. Alisimama peku kama wateja wake. Sindano aliweka vidole gumba kwenye mifupa ya nyonga yake kama alivyofundishwa, akatoa tepu shingoni, akaanzia pale pale panapotakiwa kuanziwa.

"Wewe kushoto ni mfupi. Milimita saba."

Soli aliangalia miguu yake kama ya kuazima. "Miaka kumi na tano napima watu."

"Mganga hajigangi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu suruali ya kijivu. Nilikukatia, sikukuambia. Nimekuja kukuambia." Alizungusha tepu kidoleni. "Ila usinicheke ukadhani tumetoka sare. Mimi nilikata suruali. Wewe ulikata mwendo wangu, na ulikuwa umeniahidi."

"Nilikuahidi."

"Kwa nini, Soli?"

"Nilikuona umefurahi na kile kiatu. Kila Jumamosi nilikuja kukuambia, nikakukuta unanionyesha unavyotembea. Niliogopa nikikuambia mguu utaamini maneno yangu, utaanguka." Akafikiri. "Hapana. Niliogopa utanikasirikia. Hiyo ndiyo kweli."

Sindano aliirudisha tepu shingoni. "Hiyo ndiyo niliyoifuata," alisema. "Mwili huu ni wangu. Habari zake nazijua mimi kwanza, hata kama ni mbaya, hata kama ni nzuri."

"Wewe kwanza."

"Haya shuka."

Hakushuka. Juu ya ubao, peku, mkanda haujafungwa, akasema, "Sindano, mimi nina mguu mmoja mfupi na mama mmoja mwenye maneno. Utanioa?"

"Mwanamume ndiye anayeoa."

"Mimi nimepungua milimita saba. Nisaidie."

Alicheka mpaka akashika nyonga yake, ile mpya, na haikuuma.

Walioana mwaka ule ule. Mama mtu alilirudisha begi siku ya harusi, halijafunguliwa. Shangazi aliomba msamaha wa vile viatu vya uongo vya utotoni, jikoni, akiwa amempa mgongo, ukapokelewa. Dada wa mazoezi alihamia hospitali nyingine. Daktari wa mifupa alistaafu, na nyonga aliyoiweka ina miaka kumi na nne sasa, picha ya mwaka jana inaonyesha haijalegea. Soli bado anatengeneza viatu. Kila anayepunguziwa tabaka huonyeshwa tabaka lenyewe na kuondoka nalo. Kiatu chake mwenyewe cha kushoto kina milimita saba kwa ndani. Suruali zake siku hizi zinakatwa sawa.