Kahawa ya Watu Watano

Truphosa alimwona Njoroge kabla hajaonwa, kwenye foleni ya mkahawa wa Wakuba jijini Houston, Jumamosi asubuhi, wazee wakigonga domino mlangoni na harufu ya ndizi mbivu za kukaanga ikijaza baraza. Njoroge alivaa shati la buluu ambalo Truphosa mwenyewe alimnunulia. Moyo ukamruka, naye akaukaripia. Mwanamume huyu alimwacha baba yake Truphosa kule Kakamega amevaa koti siku nzima, kuku wamechinjwa, akiwangoja wazee wa posa ambao hawakutokea.

"Trufi," Njoroge alisema kwa sauti ya chini. "Nipe tu dakika moja."

"Keti. Ushawahi kula huku?"

Truphosa aliujua mtaa huo. Muuguzi mwenzake, Mkuba, ndiye aliyemtembeza. Akaagiza wali wa maharagwe meusi, nyama ya kuchambuliwa iliyopikwa kwa pilipili hoho, na kahawa yao nzito. Kahawa hiyo huja katika kikombe kimoja pamoja na vikombe vingine vitano vidogo sana, ili meza nzima igawane. Hainywewi na mtu mmoja peke yake. Truphosa akavisukuma vile vidogo nyuma ya mkoba wake.

"Maliza yote. Ukibakisha unamtukana mpishi."

Njoroge, mtoto wa Limuru aliyezoea chai ya maziwa kwa kikombe kikubwa, akaimaliza. Kabla sahani hazijaondolewa, mikono ilikuwa ikimtetemeka na jasho likimtiririka shingoni.

"Babe, nadhani nakufa."

"Hufi." Alikuwa ameshamshika mkono, anampima mapigo, na raha ilimjaa tele. "Hivyo ndivyo moyo wa baba ulivyokwenda siku ile. Onja na wewe."

"Lakini wazee walienda, Trufi. Walienda Jumapili."

"Ilikuwa Jumamosi."

"Ulisema kesho. Ulinitumia voice note Ijumaa jioni ukitoka job, 'baba anawangoja kesho.' Nika-forward kwa anko awaambie wazee. Anko ameamka kuisikiza, kwao Limuru ni Jumamosi tayari. Kesho yake ni gani? Walifika, wakafungiwa geti. Nikikupigia, umeni-block kila mahali."

Truphosa aliona aibu, kisha hasira yake ikapata mtu mwingine. Akampigia baba.

"Baba, wale wazee walikuja Jumapili?"

"Walikuja wamechelewa. Nikawaambia hapa si hoteli."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia tayari. Nikaona ulie mara moja, yaishe."

"Kosa lilikuwa langu, baba. Na bado nampenda."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. "Basi waje tena. Lakini watakaa nje ya geti mpaka jua liwachome kidogo. Nami nilichomeka."

Truphosa akakata simu, akamtazama Njoroge anavyotetemeka, akajua alikoirithi tabia yake.

"Amekubali," alisema, akimfuta jasho. "Mwambie anko abebe kofia."